Lipu Mbichi

Saa sita kasoro robo mchana, siku ya Jumatano, gari jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi lilisimama mbele ya jumba la Mninga, na kijana aliyeshuka alikuwa amenyolewa kichwa chote.

Deepa alimwona kupitia mlango wazi wa jumba, kutoka juu ya jukwaa la miti la kuchorea, brashi mkononi. Hakumtambua mara moja. Alitambua kwanza mwendo, ule wa kutanguliza bega la kulia kama mtu anayesukuma mlango, ndipo akajua kwamba ni mdogo wake, Rohan. Rohan ambaye kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akichana nywele mpaka mama yao apige kelele kwamba chai inapoa. Sasa ngozi ya kichwa chake ilikuwa nyeupe kuliko uso, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na mkato mdogo wa wembe.

Katika nyumba yao, mtoto wa kiume hunyoa hivyo kwa sababu moja tu.

"Deepaben!" aliita, yaani dada Deepa kwa Kigujarati.

Pale Mninga sauti kama ile ilikuwa kosa. Mninga yalikuwa makao ya waandishi na wachoraji, ndani kabisa ya msitu, mwendo wa saa nzima kwa gari kutoka kijiji cha Rungwa. Watu walikuja kukaa mwezi mmoja au miezi mitatu, wakapewa kibanda, chakula na kimya. Kanuni zilikuwa mbili. Simu za wageni zilifungiwa kabatini ofisini, na hakuna mtu aliyezungumza asubuhi mpaka ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya jiko igongwe saa sita. Ringi ilikuwa haijagongwa. Kwenye kibaraza cha pili mshairi mmoja aliinua kichwa, akamtazama mgeni kwa hasira, kisha akaona kile kichwa, akatazama chini.

Deepa alishuka akatoka nje. Hakukumbuka baadaye kama alishuka kwa ngazi au aliruka.

"Papa?" aliuliza.

Rohan alimtazama dada yake kuanzia miguuni, penye matone ya chokaa, mpaka kwenye kitambaa cha manjano alichojifunga kichwani. Kisha akaitazama brashi.

"Unachora," alisema.

"Rohan, nakuuliza. Papa yuko wapi?"

"Kwa hiyo ni kweli." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajalala. "Mama alisema labda hujaambiwa. Baba mkubwa akasema haiwezekani, umeambiwa na hukutaka kuja. Walibishana juu yako mbele ya maiti, Deepaben. Mbele ya majirani."

"Maiti ya nani?"

Aliuliza ingawa alijua. Alitaka mtu mwingine alitamke neno lile, asilitamke yeye.

"Papa amefariki. Jana alfajiri. Alikuwa anavaa viatu aende kufungua duka. Alivaa kimoja."

Deepa alifungua kitambaa kichwani. Vidole vyake vilifanya kazi hiyo polepole, kwa usahihi, kana kwamba fundo lile ndilo jambo gumu pekee lililokuwa mbele yake.

"Ngoja nichukue mfuko," alisema. "Dakika mbili. Tukiondoka sasa hivi tutafika kabla ya..."

"Kabla ya nini?"

Kichwa cha Rohan kilikuwa mbele ya macho yake, na kilikuwa kimekwisha kujibu.

"Tulimchoma jana jioni," Rohan alisema. "Tulikungoja. Pandit wa hekaluni alitaka twende saa nane, mama akakataa. Saa tisa akakataa. Alikaa mlangoni amekamata jani la tulsi, anasema hili ni la Deepa, Deepa ndiye atakayemwekea Papa mdomoni. Saa kumi na moja jua likawa linashuka, na unajua haichomwi gizani. Mama akaliweka mwenyewe. Lilikuwa limenyauka, lile jani."

Deepa alisikia kila neno. Kilichomshangaza ni kwamba aliendelea pia kusikia mambo mengine: nyuki kwenye mzinga wa karibu, maji yakichemka jikoni, na pikapu ya Mninga iliyokuwa imewashwa nyuma ya ghala.

"Nani aliambiwa?" aliuliza. "Umesema labda sijaambiwa. Nani alitakiwa kuniambia?"

Pikapu ilizimwa. Hezekia akatokea upande wa ghala.

Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, wa miaka thelathini na minane, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Aliwahi kufundisha sekondari, akaandika riwaya mbili, akaja Mninga kumaliza ya tatu na hakuondoka tena; sasa ndiye aliyekuwa msimamizi. Ndiye aliyepanda kila asubuhi kwenye kilima, mahali pekee palipokuwa na mtandao, akiwa na simu ya ofisi. Miaka miwili iliyopita, alipokuja Mninga mara ya kwanza, Deepa alimwona akishuka kilimani hapo, viatu mkononi, akiimba vibaya, na tangu siku hiyo hakuna sauti nyingine aliyoisubiri kwa hamu zaidi ya ile.

Leo alikuwa amevaa suruali nyeusi na shati lililopigwa pasi. Mkono wa kulia alibeba kuku wawili waliofungwa miguu, vichwa chini. Aliposimama, Deepa aliutafuta uso wake, kama alivyozoea kuutafuta kila anapoingia mahali. Aliukuta umejaa hofu. Lakini haukuwa na swali. Hezekia hakuuliza yule kijana ni nani, wala amenyoa kwa nini.

"Ulijua," Deepa alisema.

"Deepa, nilikuwa nakuja kukwambia. Ringi ikigongwa tu. Gari liko tayari, nimejaza mafuta, nimepakia..."

"Ulijua tangu lini?"

"Jana," alisema Rohan. "Jana saa mbili asubuhi. Nilimpigia mimi mwenyewe. Si ndiye huyu, kaka Hezekia? Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Uliniambia baba amefariki, nimwambie Deepa aje."

"Nilikwambia aje lini?"

"Ulisema, 'Aje leo.'" Hezekia aliwaweka kuku chini. Walipiga mbawa, vumbi likaruka, wakatulia. "Kisha laini ikakatika."

"Nimekupigia mara ishirini baada ya hapo!"

"Nilikuwa nimeshashuka. Huku chini hakuna mtandao."

"Kwa hiyo ulisikia leo, ukafikiri leo ni nini? Salamu?"

Hezekia alimtazama Deepa, si Rohan. Macho yake yalikuwa mekundu kwenye kingo.

"Nilifikiri ni uchungu," alisema. "Kila mtu aliyefiwa husema njoo leo, njoo sasa hivi. Kwetu ndivyo tunavyosema, halafu tunamngoja mtu. Bibi yangu alipofariki nilikuwa Mbeya. Walinipigia wakasema njoo leo. Nilifika siku ya tatu na walikuwa hawajachimba hata kaburi. Wasingeweza. Kwetu mtoto au mjukuu wa marehemu hangojwi kwa hisani, Deepa, msiba hauanzi mpaka afike. Haikunijia akilini kwamba kuna watu..."

Aliwatazama kuku pale chini.

"Malizia," Rohan alisema. "Kuna watu gani?"

"Kwamba kuna watu ambao hawangoji."

"Tulingoja! Mama yangu alingoja mlangoni siku nzima! Nani asiyejua kwamba Wahindi wanachoma siku hiyohiyo? Singida nzima inajua. Hata wauza vitunguu sokoni wanajua, wanafunga meza tukipita!"

"Mimi sikujua."

Lilikuwa jibu fupi, na Deepa, ambaye alizoea kupima mambo, alilipima akaona ni la kweli. Katika miaka miwili alimweleza Hezekia kila kitu cha nyumbani kwao. Alimweleza Diwali na taa zake, alimweleza kwa nini mama yake hali vitunguu siku fulani, alimfundisha kuhesabu kwa Kigujarati mpaka kumi akamcheka matamshi. Kifo hawakukizungumza. Hawakuwa na sababu. Na Rohan kwenye simu hakusema tunachoma leo, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la kujulikana, kama kusema jua litatua.

Kama mambo yangeishia hapo, angeweza kusamehe. Alijua hilo wakati uleule, na alilijua kwa uhakika uliomtisha.

"Rohan," alisema, "niache naye kidogo."

"Hatuna muda. Geti la hifadhi linafungwa jioni, na kesho asubuhi tunaokota mifupa majivuni. Mama ametaka uwepo. Hilo ndilo pekee lililobaki, Deepaben. Hilo nalo ukilikosa mimi siwezi kumtazama usoni."

"Sitalikosa. Nenda jikoni, unywe maji."

Rohan alikwenda, bega la kulia mbele. Mlangoni mwa jiko alisimama Sikudhani, mpishi, mwanamke mzee wa Rungwa mwenye kanga mbili kiunoni. Hata katika hasira ile Rohan aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Bavesi, baba yako, alikuwa mtu wetu. Baba yangu alimuuzia nta mpaka anakufa, naye Bavesi hakumpunja hata mara moja. Kaa hapa. Usimtazame yule mwandishi, kaa, kunywa maji."

Deepa aligeuka akaingia jumbani. Hezekia akamfuata.

Ukuta wa ndani, wote, ulikuwa kazi ya Deepa. Kwa miezi mitatu alikuwa akiuchora kwa rangi za udongo: wekundu kutoka barabara ya Itigi, manjano ya kando ya mto, weusi wa mkaa. Ulionyesha safari ya asali, kutoka mizinga ya miti iliyotundikwa juu ya miombo, mpaka kwenye kaunta ya duka ambako mtu mmoja aliipima kwenye mizani. Mtu huyo alikuwa Bhavesh, baba yake, ambaye ujanani alikuja Rungwa kila mwaka kununua asali na nta, na ambaye vijijini walimwita Bavesi.

Namna ile ya kuchora haina subira. Lipu ya chokaa hupakwa asubuhi, kiraka kimoja cha kutosha kazi ya siku moja, na rangi huwekwa ingali mbichi. Chokaa ikikauka huimeza rangi, rangi ikawa ndiyo ukuta. Isipochorwa siku hiyo, kiraka hubaki kitupu, na ukitaka kuchora tena lazima ubomoe. Kila alfajiri Hezekia ndiye aliyempakia kiraka cha siku, kwa mwiko, kabla hajapanda kilimani. Wengine huletewa maua. Deepa aliletewa lipu, na hakutamani maua.

Kiraka cha Jumanne kilikuwa mikono ya baba yake, mmoja umeshika bakuli la mizani, mwingine umenyanyua kidole kidogo, kama alivyokuwa akikinyanyua daima. Kiraka cha leo kilikuwa uso. Kilikuwa bado cheupe na chenye unyevu. Asubuhi nzima Deepa alikuwa akijaribu rangi ya ngozi, na alikuwa hajaweka hata mstari mmoja.

"Kiraka hiki umekipaka leo asubuhi," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua uso ni wa nani. Ulijua amekufa. Ukapaka, ukalainisha, ukaniambia kwa ishara kazi njema."

"Ndiyo."

"Nieleze. Sitaki uniombe msamaha, nitakuwa na muda mwingi wa kuombwa msamaha. Nataka unieleze ulifikiri nini. Jana, saa mbili, pale kilimani."

Hezekia alikaa kwenye benchi la chini, mikono katikati ya magoti. Maneno ndiyo yalikuwa kazi yake, lakini sasa aliyaokota moja moja.

"Nilishuka mbio," alisema. "Nilikuja mpaka mlangoni hapa. Ulikuwa juu, unachora kile kidole. Ulikuwa unatabasamu peke yako. Kimya kilikuwa hakijaisha. Nikasema, nikimwambia sasa hivi, kiraka hiki kitakufa, na atasafiri na kilio. Nikimwacha amalize, atakuwa na mikono ya baba yake maisha yote. Mazishi hayawezi kufanyika bila yeye. Saa chache haziharibu kitu. Ndivyo nilivyofikiri."

"Halafu?"

"Na nilikumbuka maneno yake. Maliza ukuta wako, kisha mlete nimwone."

Deepa alifumba macho. Hayo yalikuwa maneno ya baba yake, na aliyapata kwa shida. Alipotamka jina la Hezekia nyumbani mara ya kwanza, mzee Chhotalal, kaka mkubwa wa baba yake, aliweka kikombe chini akasema, "Mnyiramba. Mkristo. Tena mwandishi. Huyu binti hachagui tatizo moja, anachukua yote matatu." Wengine walicheka, kisha wakakataa. Mama yake alilia. Baba yake peke yake hakusema kitu kwa wiki nyingi. Usiku wa kuamkia safari ya kuja huku, akifunga duka, akasema akiwa amempa mgongo: maliza ukuta wako, kisha mlete nimwone. Deepa alimwandikia Hezekia maneno hayo njiani, neno kwa neno, na alipofika alimkuta kwenye geti la Mninga, amekaa kwenye gogo, anacheka peke yake.

"Ulitaka nimalize," alisema.

"Nilitaka umalize. Nilidhani hata kama hayupo, neno lake lipo. Ukimaliza, ningekwenda nyumbani kwenu kama mtu aliyeruhusiwa."

"Sawa. Hiyo ni asubuhi. Kiraka kilikwisha saa tisa. Nilinawa mikono mbele yako. Kwa nini hukuniambia saa tisa?"

Hezekia alikwangua chokaa iliyokauka kwenye ukucha.

"Saa tisa walikuwa bado wananingoja. Nisingefika, najua. Lakini ungenipeleka kilimani. Ningemwambia mama kwenye simu, weka jani, mama, weka wewe kwa niaba yangu. Angeliweka bichi. Kwa nini hukuniambia?"

"Barabara ya hifadhi usiku hufungwa. Usingeweza kuondoka mpaka leo. Nilisema ukijua utakaa usiku kucha ukilia bila gari."

"Hilo ni la gari. Sikuulizi la gari."

Alisogea mbele yake. Alimtazama kutoka juu, na Hezekia akainua uso, na kwa muda wakawa wanatazamana kama walivyotazamana mara nyingi katika chumba kile, yeye juu ya jukwaa na Hezekia chini akimpa maji. Deepa aliuona ule utosi aliozoea kuushika. Mkono wake ulitaka kuushika sasa. Aliuweka nyuma.

"Jana jioni tulikaa kwenye moto," alisema. "Uliniletea asali yenye masega. Nilikusimulia jinsi Papa alivyomfukuza mkaguzi dukani kwa mfagio. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na wewe ukanifuta. Ulinitazama, Hezekia. Ulinitazama sana, nikajisikia sijawahi kutazamwa hivyo. Nilipokuwa nacheka, ulijua?"

"Nilijua."

"Saa hiyo alikuwa motoni."

"Hilo sikulijua. Naapa kwa Mungu, Deepa."

"Lakini kwamba amekufa ulijua. Nilikuwa namsimulia kama mtu aliye hai, na wewe ulijua. Kwa nini ulininyamazia?"

Nje, Sikudhani aligonga ringi. Mara sita, polepole kuliko siku zote. Kimya cha asubuhi kilikuwa kimeisha rasmi. Hakuna aliyezungumza popote.

"Nilitaka jioni moja zaidi," Hezekia alisema hatimaye. "Nilijua ukienda nyumbani kwenye msiba, baba hayupo, mzee Chhotalal ndiye mkubwa, hawatakuachia tena. Labda wiki, labda mwaka, labda kabisa. Nikasema, jioni moja tu. Kesho nitamwambia, nitavaa shati safi, nitampeleka mwenyewe kwao na unga na kuku kama mkwe. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili yako. Asubuhi ilikuwa kwa ajili yako. Jioni ilikuwa kwa ajili yangu."

Deepa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jumla aliyoitarajia.

"Asante kwa kusema kweli," alisema.

"Deepa."

"Na kuku," alisema. Kitu kama kicheko kilimtoka, kikavunjika kabla hakijafika. "Umewapakia kuku hai, uwapeleke nyumbani kwa mama yangu asiyegusa nyama, msibani. Miaka miwili nakupikia dengu."

Hezekia aliweka uso viganjani. "Sikufikiri. Nilifanya kama kwetu."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Alichukua mfuko wake kibandani. Haukuwa na vitu vingi: nguo, kamusi, chupa tatu za rangi ambazo alizirudisha rafuni. Sikudhani alimfungulia kabati la simu. Simu ilipowaka haikuonyesha chochote, kwa kuwa hapakuwa na mtandao.

"Mwanangu," Sikudhani alisema, "jana jioni aliniambia nitwange karanga za safari ya msiba. Nikamuuliza, binti anajua? Akasema atamwambia. Nilidhani amekwisha kukwambia. Nikakuona unacheka, nikasema, hawa Wahindi wana moyo mgumu. Nisamehe."

"Huna kosa, mama."

"Chukua karanga, basi. Karanga si nyama."

Alizichukua.

Hezekia alikuwa amesimama kando ya gari la Rohan. Kuku walikuwa wamefunguliwa. Mmoja alikuwa tayari anaparua chini ya pikapu.

"Niruhusu nije," alisema. "Si kama mkwe. Nije nyuma, na pikapu, nimwangukie mama yako miguuni. Nimwambie ni mimi. Kwa nini wabishane juu yako wakati kosa ni langu?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Utamwambia jioni pia?"

Deepa alifikiri. Rohan alikuwa amewasha injini, anatazama mbele.

"Nitamwambia ulidhani tutangoja," alisema. "Hilo mama ataelewa, labda atakulilia na wewe. La jioni sitamwambia. Litakaa kwangu. Na kwa sababu litakaa kwangu, usije. Leo usije, siku ya kumi na tatu ya matanga usije, na usipande kilimani kunipigia."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nikikwambia tarehe nitakuwa nakudanganya."

"Nakupenda, Deepa."

"Najua. Jana jioni sikukosea kuhusu ulivyonitazama. Yalikuwa mapenzi kweli. Ningependa yangekuwa kitu kingine, ningejua la kufanya."

Akafungua mlango wa gari. Hezekia alisema haraka, kama mtu anayetafuta kitu chochote cha kushika:

"Kiraka cha jana. Mikono. Ukitaka nitakibomoa."

"Usikibomoe. Akija mtu akauliza, mwambie kilichorwa Jumanne."

"Na uso?"

Deepa alitazama kupitia mlango wa jumba uliokuwa wazi. Kile kiraka cheupe kilionekana kutoka pale. Kingo zake zilikuwa zimeanza kupauka.

"Kitakauka kabla sijafika Rungwa," alisema. "Kiache kikauke."

Njiani Rohan aliendesha kwa mikono miwili, akikwepa mashimo aliyoyakwepa asubuhi. Mara moja, walipovuka korongo kavu, alinyoosha mkono bila kutazama, akauweka juu ya kichwa cha dada yake, kisha akaurudisha kwenye usukani. Deepa alishika bahasha ya karanga magotini. Walipopita Rungwa simu yake ilipata mtandao, ikaanza kutetemeka, ikatetemeka mfululizo. Zilikuwa simu za Rohan za jana, zote, na tatu za mama yake. Aliiacha itetemeke mpaka ikamaliza.

Saa nane na nusu walifika kwenye geti la hifadhi. Boriti ilikuwa imeshushwa barabarani. Askari aliyetoka kibandani alimkumbuka Deepa. Miezi mitatu nyuma alimkagulia ndoo za chokaa akidhani ni unga wa magendo.

"Dada mchoraji! Mbona mapema? Ukuta umekwisha?"

"Nimefiwa."

"Lo." Alivua kofia. "Nani?"

"Baba."

"Pole, dada. Poleni sana, kaka, naona hata kichwa. Poleni." Alikwenda kwenye kamba ya boriti, akaishika, akageuka kuuliza kama ambavyo mtu yeyote wa huko angeuliza. "Mmeshazika, au ndiyo mnangojwa ninyi?"

Rohan alifungua mdomo. Deepa akamtangulia.

"Tayari," alisema.

Askari alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha akavuta kamba, boriti ikainuka, na gari likapita.